Gari Lilipomfungia Mwanangu

Tak!

Milango yote minne ikajifunga. Mwanangu yumo ndani, mimi nipo nje!

Jamani, nilishuka mara moja tu kufungua geti. Gari linanguruma, ufunguo umo kwenye swichi, mtoto kafungwa mkanda kiti cha nyuma. Nageuka... milango imejibana kama ngumi ya bahili!

Nikavuta kitasa. Wapi!

Honi ikaanza kulia yenyewe. Waipa zikapangusa kioo kikavu, kwa! kwa! kwa! Halafu AC ikakata, injini ikazima. Na jua la mchana lilikuwa limelichoma bati la gari hadi halishikiki.

Mwanangu akaanza kulia. Sauti siisikii... naona mdomo tu.

Ndipo nikamwona wifi yangu, dada wa mume wangu. Kasimama kibarazani, ufunguo wa akiba mkononi!

Nyie, damu ilinisimama. Juzi tu tuligombana, akaniambia, "Hilo gari unaloringia, iko siku litakutoa machozi."

"Wifi, fungua! Unamfanya nini mwanangu?"

"Mimi? Nimesikia honi, nimekimbia na ufunguo! Hebu pisha!"

Akachomeka, akazungusha. Kitasa kikaitika, tak! Kabla sijavuta, kikajifunga tena, tak!

"Unafanya makusudi!"

"Wifi, acha wazimu, mtoto anaiva!"

Nikachungulia. Kilio kimekoma. Kichwa kimelalia bega, nywele zimelowa jasho...



Wifi akageuka mbio. Akaingia jikoni, akatoka na mchi, akazunguka upande wa dereva, mbali na mtoto.

PAA!

Kioo kikamwagika. Akajipenyeza dirishani, miguu ikabaki inaning'inia, akatoka na mwanangu. Tukamkimbiza kivulini, tukamfuta kwa maji, tukampepea. Akakohoa. Akalia! Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Na bado, wapendwa, moyo wangu ulikuwa unamnyooshea wifi kidole: huyu kaliroga gari!

Kelele zilikuwa zimemleta jirani yetu, fundi umeme wa magari, tunamwita Cheche. Akafungua mlango wa mbele kwa ndani, akakanyaga kapeti. Chwaa!

"Dada, humu unafuga samaki?"

Akainua kapeti. Maji! Chini yake, soketi za nyaya za milango zimeota kutu ya kijani.

"Nyaya zikilowa zinaongea zenyewe kwa zenyewe," akasema. "Ndiyo maana gari linajifunga bila kuambiwa."

"Maji yametoka wapi? Mvua hatujaiona siku nyingi!" Nikamgeukia wifi. "Wewe ndiye unayeliosha!"

"Naosha nje, wifi. Ndani unanikataza hata kukaa."

Cheche akahangaika na nyaya hadi gari likawaka, AC ikavuma. Akalala chini, akachungulia uvunguni.

"AC ikifanya kazi, gari lazima lidondoshe maji chini. Hapa pakavu. Basi yanarudi ndani."

Akaingiza koleo kwenye kibomba cha kutolea maji, akavuta... kitambaa kimesokotwa, kimechanwa kwenye fulana. Fulana ya mume wangu!

 Nikampigia simu, nikaweka spika.

"Uliziba nini chini ya gari?"

"Aah, kumbe umeona!" Anacheka, mwenye raha zake. "Si ulilalamika linadondosha maji kwenye vigae vipya? Nikakusaidia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta!"

Wifi akainamia simu.

"Kaka, ule haukuwa ufa. Lilikuwa tundu la kutolea maji. Na si ukuta, nusura ujenge kaburi."

Kicheko kikakatika.

"Kaburi... la nani?"



Nikamtazama wifi. Kiganja kimekatwa na vioo, kinavuja damu, mwanangu kamlalia kifuani.

"Wifi yangu... nisamehe."

"Msamaha baadaye. Sasa hivi nipe maji ninywe. Ya kwenye glasi, si ya kwenye kapeti."

Tulicheka huku tunalia.

Wasomaji wangu, si kila kinachovuja ni ufa. Kabla hujaziba, uliza. Na kabla hujamtaja mchawi, inua kapeti!