Tumbo Halifuati Ratiba

Corinne Jankowiak na Emmett Boyle walikutana mbele ya kabati la kuku wa kuoka, katika duka kubwa la vyakula kusini mwa Milwaukee, jioni ambayo redio zote zilikuwa zimetangaza theluji ya kufunga barabara. Watu walisukumana na matoroli kana kwamba kesho hakuna kula. Kuku alibaki mmoja. Mkono wa Corinne, ndani ya glavu nyekundu ya sufu, ulimfikia pamoja na mkono mwingine, mpana, wenye grisi kwenye kucha.

"Mchukue wewe," mwanamume alisema. "Ila utammaliza peke yako?"

"Hayo yanakuhusu nini?"

"Nauliza tu. Mimi nyumbani nina viazi, sina kuku. Wewe una kuku, sijui kama una viazi."

Alivaa koti la kazi la kahawia lenye jina lake kifuani, na kofia iliyoyaacha masikio nje yakawa mekundu kwa baridi. Corinne alicheka kabla hajaamua kama anataka kucheka. Mwaka mmoja na nusu baadaye walikuwa mume na mke.

Emmett alikuwa fundi wa lifti, zamu ya mchana hadi usiku. Corinne aliuza miwani katika jengo la maduka na kutoka jioni. Katikati ya wiki walipishana kama wapangaji. Mimba ya kwanza iliharibika mwezi wa tatu. Siku hiyo Emmett alikuwa juu ya ghorofa, ndani ya shimo la lifti ambako simu haishiki, na alipofika hospitali mambo yalikuwa yamekwisha. Hakuyazungumzia tena. Lakini mimba ya pili iliposhika, aliingia jikoni na hakutoka.

Kila Jumapili alipika chakula cha jioni cha siku tano. Alikipanga kwenye friji ndani ya vikopo, kila kifuniko kimeandikwa siku yake: supu ya dengu Jumatatu, maharage na nyama ya bata mzinga Jumanne, samaki wa kuoka na brokoli Jumatano. Alikwishasoma mahali kwamba samaki anajenga ubongo wa mtoto. Jioni, akiwa kazini, alipiga simu.

"Umekula, mama kijacho?"

"Nimekula."

"Ulikionaje?"

"Kitamu, mpenzi. Nimemaliza chote."

Maneno hayo Corinne aliyasema akiwa amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, mlango ameufunga ili harufu ya jikoni isimfikie. Kufungua tu kifuniko cha Jumanne kulitosha kumpindua tumbo. Mara ya kwanza alidanganya kwa huruma, kwa kuwa Emmett alikuwa ameunguza kidole akikaanga vitunguu. Mara ya pili alidanganya kwa sababu ya ile ya kwanza. Baada ya hapo uongo ukawa sehemu ya simu, kama salamu.

Asubuhi alikibeba kikopo hadi kazini na kumpa Lamar, mkata lenzi, aliyeachana na mkewe na kuishi kwa tambi za kwenye kopo. Alimwambia kuwa mumewe hupika kupita kiasi. Yeye mwenyewe alikula mkate mkavu, jibini na matango ya siki. Kliniki walimwambia hajaongezeka uzito, wakamuuliza kama anakula. Akajibu ndiyo. Emmett alipomuuliza wamesemaje, akasema kila kitu ni sawa, kisha usiku akalala akimtazama, vidole vya mumewe vikinuka vitunguu, na hakuweza hata kumgusa.

Alhamisi moja lifti ya jengo la maduka iliharibika, Emmett akatumwa kuitengeneza. Alipomaliza alipita kumshtua mkewe, mkoba wa vifaa begani. Lamar ndiye aliyemwona kwanza. Alimshika mkono kwa furaha ya kweli.

"Shemeji, yale maharage ya Jumanne acha tu. Na yule samaki. Corinne akijifungua usije ukaacha kupika, nitakufa njaa."

Emmett alimshukuru. Alimtazama Corinne, aliyekuwa nyuma ya kaunta na fremu ya mteja mkononi. Aliuweka sawa mkoba na kuondoka taratibu, na Corinne akatamani angemtukana mbele ya watu wote.

Jioni hiyo simu haikulia. Alipopiga yeye, haikupokelewa. Emmett aliomba ruhusa na kurudi mapema, akaketi jikoni bila kuvua koti.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Kwa nini umpe yeye?"

"Sikuweza kukitupa. Nilijaribu. Nilifungua pipa la taka, nikaona kama nakutupa wewe."

"Kwa hiyo ukaona afadhali ulishe mwanamume mwingine."

"Emmett, unadhani mimi na Lamar tuna kitu?"

"Hapana. Kingekuwepo ningejua la kufanya." Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Kila nilipokuuliza kama umekula, nilikuwa nauliza kama mtoto yupo. Na wewe unanijibu kitamu."

Corinne aliketi mbele yake. Akamweleza yaliyobaki, uzito, kliniki, yote, bila kujipunguzia. Emmett alisimama, akatoka nje kwenye baraza. Corinne alisikiliza kama ataliwasha gari. Baadaye kidogo alirudi, theluji mabegani.

"Na mimi sikukuuliza unataka nini," alisema. "Niliandika siku kwenye vifuniko ili nisiulize. Niliogopa utaniambia chakula hakipiti." Akavuta pumzi. "Sasa hivi unaweza kula nini?"

"Yai la kuchemsha. Na wali mtupu."

Alichemsha mayai mawili. Corinne alikula moja na nusu, naye hakumhimiza.

Jumapili iliyofuata Emmett hakuandika siku kwenye vifuniko. Alichemsha wali, akaoka kuku bila viungo, akaosha na kukata mboga, akagandisha supu, kila kitu mbali na mwenzake. Kila jioni alipiga simu kutoka kazini na kuuliza tumbo linasemaje. Lilisema wali na kuku, au tambi ndani ya supu, au jibini na basi, na Corinne akaunganisha hicho kilichokubalika. Uzito ulipanda polepole. Kliniki wakaenda wote wawili.

Lakini imani haikurudi kwa siku moja. Kwa wiki nyingi, kila aliposema "nimekula," upande wa pili wa simu kulikuwa na kimya kifupi kabla Emmett hajajibu. Corinne alijua kimya hicho ni chake, amekileta mwenyewe, na akakivumilia.

Mwezi wa nane wa mimba, siku ya mapumziko ya Emmett, alimpikia samaki kwa siagi na ndimu, mlo aliokuwa akijivunia. Alimwekea sahani, akaketi mbele yake. Corinne aliinua uma hadi mdomoni, akaurudisha chini.

"Siwezi," alisema, akasubiri kuona uso wake utakavyokuwa.

Emmett aliivuta sahani upande wake.

"Ahsante," alisema. "Supu ipo. Nikupashie?"