Kura ya Jefwa

Wiki ya Idi, mwaka wa 1994, Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso, ilijaa watu hata ukitaka kugeuka uombe njia. Mbeyu, karani wa tawi la chama, alivaa gauni la kitenge na viatu vya kisigino vilivyomuuma tangu asubuhi. Alinyoosha mkono kuchukua pea ya mwisho ya leso za zambarau, akakuta upande wa pili umeshikwa na mwanamume mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono imesimama.

"Nimemuahidi mamangu," akasema yule mwanamume.

"Mtafutie nyingine. Hii nimetangulia mimi."

"Umetangulia kwa macho. Mimi kwa mkono."

"Achia, bwana, utaipasua."

Akaachia, huku akicheka. Jina lake Jefwa, diwani kijana wa chama hichohicho alichokifanyia Mbeyu kazi. Kesho yake simu ya ofisi ikalia, naye akauliza kama leso imemkaa vyema mwenyewe au aje kuichukua. Tangu hapo akamwita Mwenye Leso, na kwa miezi minne simu haikupoa, mpaka mwenyekiti wao, Mzee Barnabas, akalalamika kwamba laini ile ni ya chama, si ya wachumba.

Kisha ikaja habari ya Makupa. Huko kulikuwa na uwanja wenye vibanda vya akina mama wauza mboga na nazi, na tajiri mmoja wa malori akautaka. Chama kikawaandikia madiwani wake wote kwamba hoja ya kumpa uwanja huo ikiletwa kwenye baraza la madiwani waiunge mkono. Kanuni ilikuwa kali: diwani aliyepokea agizo la maandishi kabla ya kura, kisha akalikaidi, hufukuzwa chamani na kiti chake kikawa wazi.

Mbeyu ndiye aliyezipiga chapa barua zile na kuzipeleka mkono kwa mkono. Jefwa aliisoma yake akiwa amesimama, akaikunja, akamwambia awajibu waliomtuma kwamba ameisoma. Siku ya kura akainua mkono kupinga, na hoja ikaanguka kwa kura moja.

Kamati ya nidhamu ilimwita Mbeyu shahidi. Alikuwa amekwisha kuamua. Barnabas alipomuuliza kama alimfikishia diwani barua, alijibu bila kupepesa macho.

"Sikumpata. Barua nilirudi nayo."

Hapo Jefwa akasimama.

"Asema uongo huyu. Barua niliipata, nikaisoma mpaka mwisho. Nilipiga kura nikijua nifanyalo."

Alasiri ileile Jefwa akavuliwa udiwani, na Mbeyu akaambiwa arudishe funguo za ofisi. Wakakutana ngazini, watu wamejaa mlangoni.

"Nimepoteza kazi kwa ajili yako," Mbeyu akasema.

"Nani aliyekutuma? Umetaka nionekane bwege, asiyejua alichokipinga."

"Nilitaka ubaki na kiti. Wale mama wangebaki na mtu wa kuwatetea."

"Nibaki kwa uongo? Wewe ofisi hii imekuharibu. Huwezi kusema kweli hata ukilipwa."

Alisema kwa sauti, na wote wakasikia. Mbeyu akamwambia asimpigie simu tena, akashuka ngazi amevishika viatu mkononi.

Hata hivyo Jefwa alipiga, nyumbani kwa shangaziye Mbeyu, mtaani Tononoka. Shangazi akawa akijibu kuwa Mbeyu hayupo, naye Mbeyu ameketi papo hapo akichambua mchele.

Uchaguzi mdogo ukafanywa. Dzoro, aliyeteuliwa na chama, akashinda, na hoja iliporudi barazani akainua mkono kama alivyoagizwa. Asubuhi moja tingatinga likaingia Makupa.

Mbeyu alipopata habari alivaa kandambili, akaenda. Barua ile aliipiga chapa kwa vidole vyake mwenyewe, na jambo hilo lilikuwa likimkereketa siku zote. Alimkuta bibi mmoja akivuta meza yake peke yake, akaishika upande mmoja. Aliyeushika upande wa pili alikuwa Jefwa, utando wa vumbi usoni, shati limechanika bega.

Wakaibeba hadi ng'ambo ya barabara, wakaitua.

"Kura yangu haikusaidia kitu," Jefwa akasema.

"Imewapa miezi mitatu ya kuuza. Usijihurumie mbele yangu."

"Nilikukosea pale ngazini."

"Ulinifedhehesha. Kudanganya nilidanganya, na kosa langu nalijua. Lakini yale maneno uliyasema ili uniumize."

"Ndiyo," akasema. "Niliyasema ili yakuume. Nisamehe."

Hasira ya Mbeyu ilikuwa bado ipo, nzito kifuani, wala hakujaribu kuificha. Nyuma yao kibanda kingine kikalala chini, na mabati yakalia.

"Nataka kukuoa, Mbeyu."

"Huna kazi, mimi sina kazi, na bado nimekukasirikia."

"Najua."

Mbeyu akajifunga upya leso yake kiunoni, akaikaza.

"Njoo na wazee wako Jumapili kwa shangazi. Na siku utakayonisema tena mbele za watu, nitakuacha palepale uliposimama. Sasa inua lile gunia la nazi, mwenyewe anaumwa mgongo."

Jefwa akaliinua.