Pigano la Hamsini

Umeme ukikatika Bukavu, kila mtu anakumbuka simu yake. Siku hiyo pale Nyawera, meza ya Papa Adalbert, mwenye jenereta, ilijaa simu na nyaya, na wenye simu walizizunguka wakizilinda kwa macho. Mardochée, fundi wa maabara katika zahanati moja ya Nguba, shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola, hakuwa na habari na mtu. Alikuwa akicheza mchezo wa kupiganisha wanyama, huku waya ungali kwenye simu.

Nyuma yake alisimama Eulalie, mshonaji wa Kadutu, katika kitenge cha manjano alichojishonea mwenyewe, nacho kilimkaa kwelikweli. Alichungulia.

"Ile nyama ya maji itakufa. Weka ya udongo."

"Maman, nani alikuita mu match?"

"Haya. Endelea."

Mnyama wa maji alikufa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Mardochée alivunjikia kwenye pigano la thelathini na moja.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuushinda. Unakusanya wanyama wa ajabu porini, unachagua watatu, unaingia nao Mnarani. Humo unapigana mara hamsini mfululizo, na ukishindwa mara moja tu unarudi pigano la kwanza. Simu ikiita, au wewe ukipiga, katikati ya pigano, mchezo unafungika na unahesabiwa umeshindwa. Ukifikisha hamsini, mlango wa juu unafunguka, lakini huingii peke yako. Wanaingia wawili, kila mmoja na hamsini zake.

"Na wewe ulishafika ngapi?" Mardochée aliuliza.

"Vingt-huit. Ishirini na munane."

"Na unanifundisha?"

"Mwenye amekufa sasa hivi ni mimi?"

Mardochée alicheka, hata akasahau kuudhika. "Bon. Mwenye atafika cinquante, ile hamsini, pamoja na mimi, ule njo nitaoa. Nitapeleka bazee kwao."

"Unasemaka hivi kwa bote?"

"Bote banaangaliaka simu zao. Wewe njo wa kwanza kuangalia yangu."

Akapewa namba. Ikawa miezi mitatu ya vidagaa vya sambaza vya kukaanga kando ya ziwa kila Jumapili, na simu zisizo na kichwa wala miguu.

"Mupenzi, ulikula?"

"Nilikula. Na nyama yako ya maji, ilifufuka?"

Kisha kila mmoja, bila kumwambia mwenzake, akaamua kufikisha hamsini ili amshangaze. Hapo ndipo matata yalipoanza. Simu zao zilikuwa za zamani, betri zimechoka, hazichezi bila kuchomekwa. Na umeme Bukavu huja kwa zamu: Kadutu saa sita hadi saa kumi, Nguba saa kumi na moja hadi saa tatu usiku. Kwa hiyo kila mchana Eulalie aliweka simu kwenye mode avion, hali ya ndegeni inayozuia simu kuingia, asije akaitwa akapoteza pigano. Kila jioni Mardochée alifanya vivyo hivyo. Mardochée alipiga mchana, haipatikani. Eulalie alipiga jioni, haipatikani.

"Kila siku saa munane simu yako inafungwa. Uko na nani?"

"Niko na kazi. Na wewe saa moja ya mangaribi, uko na nani?"

"Na kazi."

"Ile kazi iko na jina?"

Neno moja lingetosha kumaliza ugomvi. Lakini siri ya kushangaza ukiisema si siri tena, na kiburi nacho kikasaidia. Zikapita wiki mbili bila hata ujumbe. Eulalie alimshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mfupi, akaikalia na kulia. Alimpenda yule mtu, na aliogopa kwamba amempoteza. Mchana aliendelea kupanda Mnara, akijiambia kwamba akifikisha hamsini atakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Jumamosi moja umeme ukakatika mji mzima. Saa nne asubuhi Eulalie alikuwa kwenye meza ya Papa Adalbert, katika pigano la hamsini. Alipoinua macho, Mardochée alikuwa mbele yake, shati lilelile jeupe, safari hii bila pasi. Alikuwa amekiona kile kialama cha ndege juu ya kioo cha simu ya Eulalie.

"Hata hapa, mbele ya batu, unafunga simu."

"Mardochée, ngoja. Dakika mbili tu."

"Nilingoja wiki mbili."

Akageuka. Dakika mbili zilitosha kushinda, na zilitosha pia kwa mtu kupanda pikipiki akaenda zake. Kumwita kwa sauti hakungefaa kitu, jenereta ilikuwa ikinguruma. Eulalie alimtazama mnyama wake aliyebaki, akautazama mgongo wa Mardochée. Akaondoa mode avion, akapiga.

Mardochée alikuwa ameshapandisha mguu mmoja kwenye pikipiki.

"Allô."

"Simu yangu inaita. Unasikia?"

"Ninasikia."

"Basi rudia, uangalie nini ilikuwa inaifunga."

Alirudi, akasoma: Umeshindwa, pigano la 50. Rudi la kwanza. Akasoma tena. Kisha akatoa simu yake taratibu, akamwekea Eulalie mkononi. Iliandika: Mapigano hamsini. Mlango uko wazi. Mwenzako ni nani?

"Nilimaliza jeudi, juzi," alisema. "Nilikuja kuchaji ili nikuoneshe."

"Tuko bajinga, chéri."

"Sisi babili."

Eulalie alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na ahadi yako? Mimi niko zéro."

"Uko cinquante. Ulitoka kule kwa sababu yangu. Samedi ijayo bazee banakuja kwenu."

"Mukimaliza kupendana," alisema Papa Adalbert, "mutoe waya. Kuko batu banangoja."

Wazee walifika Jumamosi na kreti za bia na mbuzi aliyelalamika tangu Nguba. Mchana huo, kabla hawajafika, Eulalie alikuwa amepanda tena hadi pigano la thelathini na nne, na simu hakuiweka kwenye mode avion. Shangazi zake wa Walungu walipiga mara saba kuuliza kama wageni wameshafika. Alizipokea zote, na kila mara akarudi pigano la kwanza.