Injini ya Dominiko

"Kituo kwa Korongo. Ndege ametua. Mnase."

"Nimepokea."

Zuena alificha redio ya Motorola chini ya ushungi na kuvuka barabara ya soko la Handeni bila haraka. Chini ya baibui, kiunoni, kulikuwa na bastola ya Glock 19. Mkobani alibeba kamera nyembamba kama mrija, tochi, na chupa ya dawa ya kufufua namba zilizofutwa kwenye chuma.

Ndege alikuwa mzee wa kanzu.

Sabiri, mkulima wa mahindi, alikuwa amesimama kando ya pikipiki aina ya BSA iliyokaribia kulingana naye umri. Idara ya usalama ilikuwa ikiwawinda watu waliotorosha dhahabu kwenda kununulia silaha ng'ambo ya mpaka. Dhahabu ilifichwa ndani ya pikipiki za kale, zikasafirishwa kama mali ya wakusanyaji. Alama yao ilikuwa moja: injini zilizohamishwa kutoka chombo hadi chombo. Alfajiri mtu asiyejitaja alikuwa amepiga simu akamtaja Sabiri.

Zuena alichuchumaa, akamulika fremu.

WM20. Herufi W ilitangulia mashine zilizoundwa kwa ajili ya jeshi la Waingereza wakati wa vita kuu. Fremu ililingana na kadi ya umiliki ya mzee. Kisha akamulika ubavu wa injini. Kadi ilisema injini inaishia 417.

Iliyokuwepo iliishia 882.

"Kituo, nipe historia ya injini 882."

"Iliuzwa na shamba la mkonge Ngombezi. Mnunuzi, Dominiko, mkata mkonge. Amefariki. Haijawahi kuhamishwa umiliki."

Injini ya marehemu chini ya kiti cha mtu hai. Zuena alitoa pingu.

"Mwanangu," alisema mzee, "hiyo ni ya Dominiko. Yangu iko kwao. Tulibadilishana."

"Dominiko amekufa."

"Ndiyo maana siwezi kuirudisha."

"Mzee, watu husema wapendavyo. Namba hazidanganyi."

Pingu zililia. Muuza nyanya alisimama na kisado mkononi. "Jamani! Si Mzee Sabiri huyu, muadhini wetu?"

"Kumbe babu naye ni wa mjini!" kijana wa bodaboda alidakia, na kicheko kikasambaa. Simu zikainuliwa kupiga picha. Mzee alijaribu kuficha uso. Mikono iliyofungwa nyuma haikufika.

Zuena alipitisha kamera ndani ya tenki. Petroli tu. Akaipitisha kwenye tundu la plagi. Masizi.

Hilo lilipaswa kumsimamisha. Halikumsimamisha.

"Yuko mahabusu," alitaarifu redioni. "Nakwenda Ngombezi kuchukua pikipiki ya pili."

Ngombezi, kwenye nyumba za safu za wafanyakazi wa mkonge, Grasiana binti Dominiko alikuwa akianua nguo. Zuena aliulizia pikipiki ya marehemu. Grasiana alimtazama kuanzia viatu hadi ushungi.

"Umechelewa, dada. Mwenzako ameshaichukua."

"Mwenzangu nani?"

"Habakuki. Kaja na pikapu. Kanionyesha kwenye simu picha za Mzee Sabiri na pingu, akasema serikali inazikusanya zote, nami nisipoitoa na kadi yake nitafungwa. Nikamwambia beba, baba'angu, beba."

Habakuki hakuwa mtu wa idara. Bila shaka ndiye aliyepiga simu alfajiri. Alihitaji pikipiki yenye kadi safi, na Zuena alikuwa amemwandalia kitisho cha kuipatia.

"Kwa nini wazee walibadilishana injini?"

Grasiana alicheka kwa uchungu. "Walichanjiana. Baba mtu wa kuja, Mkristo, na Sabiri Mzigua na msikiti wake. Wakala damu, wakawa ndugu. Siku waliyonunua pikipiki wakasema damu pekee haitoshi. Kila mmoja akachukua injini ya mwenzake, asipate kuuza mmoja bila mwingine. Baba alipokufa, nani angeigusa? Wewe ungeigusa?"

Ilikuwa hadithi nzuri, na hadithi si ushahidi. Ushahidi ulikuwa kwenye pikapu. Ikivuka mpaka, dhahabu ingekwenda na Mzee Sabiri angebaki mwizi wa injini ya marehemu.

Land Cruiser ya Zuena ilitoka Ngombezi ikitimua vumbi, naye redioni akiitaka Kituo iitafute pikapu.

"Kituo kwa Korongo. Pikapu nyeupe, Hilux, imepita Mombo."

"Funga barabara Same."

"Haitafika Same. Imeingia uani kwa mtu, Mkumbara."

Zuena alikanyaga mafuta. Safu za mkonge zilipita, kisha milima ya Usambara ikamsindikiza kulia.

Mkumbara.

Aliacha gari nyuma ya ghala la vitunguu na kuingia kwa miguu. Uani, mtu mnene mwenye miwani alikuwa akikaza boliti za tenki jipya kwenye BSA. Beseni chini lilijaa unga wa chuma. Kando yake, bastola ya Makarov.

"Usiiguse, Habakuki."

Aliigusa.

Risasi ya Zuena iliipiga Makarov ikaruka hadi kwenye banda la kuku. Kuku walitawanyika. Habakuki alirusha spana. Zuena aliinama, akamchota mguu, akamlaza kifudifudi.

"Dada, taratibu! Pikipiki halali hii. Soma kadi. Injini 882, na kadi 882. Vyote vinalingana!"

"882 nimeiacha Handeni asubuhi."



Zuena alimfunga pingu, akadondosha dawa kwenye ubavu wa injini. Chuma kilichogongwa namba hubaki na jeraha chini hata kikipigwa tupa. Alisubiri. Tarakimu za Habakuki zilififia. Chini yake zikapanda nyingine, polepole, rangi ya majivu.

417.

Iliyolingana ilikuwa ya uongo. Isiyolingana ilikuwa ya kweli, na aliyeimiliki alikuwa amemweleza kila kitu kwa maneno machache.

Alifungua tenki. Lilikuwa na sakafu mbili. Katikati, dhahabu.

"Korongo, vipi?"

"Mzigo upo. Mtu yupo."

"Kazi safi!"

Zuena alizima redio.

Alirudi Handeni jua likiwa bado juu. Kituoni askari alipendekeza mzee atolewe mlango wa nyuma, kupunguza maneno.

"Mliniingiza mbele," alisema Sabiri. "Nitatoka mbele."

Wakatoka mbele. Watu wa sokoni walikuwa bado hapo. Zuena aliwaambia, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza nyanya, kwamba mzee huyu hana kosa na kwamba kosa ni lake yeye. Safari hii hakuna aliyeinua simu.

"Nisamehe, mzee."

Sabiri alisugua vifundo vya mikono.

"Wewe ni binti wa nani?"

Swali la kawaida. Kila mzee huliuliza. Kanuni za idara zilikuwa na jibu lake tayari, na kwa mara ya kwanza Zuena alishukuru kwamba hakuruhusiwa kumtaja baba yake.

"Wa Mzee Rehani. Wa Pangani."

"Simfahamu. Msalimie. Mwambie Sabiri wa Handeni hana kinyongo na mtoto wake."

"Zimefika, mzee."

Alivaa miwani ya jua, akatembea hadi kwenye gari bila kugeuka. Rehani wa Pangani hakuwahi kuzaliwa.