Shaba Ndani ya Maji ya Chumvi

Jumatano tarehe 14 Aprili 1993, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Stany Mwamba aliwasha taa ya akwariamu sebuleni kwake katika mtaa wa Kapata, Kolwezi, kisha akamwita mkewe kwa sauti iliyomfanya aje mbio bila viatu. Konokono wote walikuwa wamelala chali mchangani. Kamba wawili wenye milia myekundu walikuwa wamekufa. Anemoni, kiumbe laini chenye vidole vingi kama ua, mahali ambapo samaki walizoea kulala, kilikuwa kimenywea kama kitambaa kilicholowa.

Samaki wote wanne walikuwa hai.

Saa moja na nusu Inspekta Numbi alifika kwa baiskeli. Siku zile watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa mjini, na polisi hawakuwa na nafasi ya kushughulikia konokono. Lakini vijana wa mtaa walikuwa wamekwisha kusimama langoni pa Tshibola, mwanamke wa Kikasai, wakisema ametia sumu nyumbani mwa mwenyeji na hataruhusiwa kupanda treni ya Ijumaa ya kwenda Kasai. Numbi alijua umati kama ule unavyoweza kumaliza shauri wenyewe.

Samaki walikuwa kwenye beseni kubwa la plastiki jikoni: wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, mmoja wa buluu, mmoja wa njano. Bomba dogo lilitoa mapovu. Maji yalikuwa maangavu, na Numbi alipotia kidole aliyakuta vuguvugu.

"Haya mayi ulitengeneza saa ngapi?" aliuliza.

"Leo asubui," Stany alijibu. Alikuwa laboranti katika maabara ya mgodi, mtu wa miaka arobaini, shati lake limepigwa pasi. "Nilipoona bengine banakufa, nikachanganya chumvi, nikabaamisha."

"Nani alitia mukono mu akwariamu jana?"

"Tshibola. Saa kumi. Alikuya kuaga. Ingénieur Mubelgiji alipokimbia kisha pillage, ule wizi wa basoda, aliniachia mi hii akwariamu. Tshibola alikuwa anatumika kazi kwake miaka saba, njo yeye alikuwa anachunga bale samaki. Hakupenda mi nipewe. Ni wivu, tata Inspekta."

"Unataka tufanye nini?"

"Abakie hapa mpaka kesi iende ku tribunal. Mukendi, bwana yake, hana makosa. Yeye aende na treni. Huyu tu abakie."

Numbi aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Kisha akamwomba Joyeuse, mke wa Stany, wazungumze nje kwenye uzio. Joyeuse alikunja mikono kifuani kabla hajaulizwa.

"Unataka kujua kama ni mi," alisema.

"Ni wewe?"

"Mwaka muzima huyu mwanamuke anaingia mu nyumba yangu kila siku saa kumi. Banasimama pale mbele ya kioo, banaongea samaki. Mi napita na sahani, bwana yangu haanione. Nilikuwa na wivu, ndiyo, siwezi kukudanganya. Lakini kama ningetaka kubaua, ningemwanga javel ya kufulia chupa muzima, bakufe bote na tumalize. Nani anaua konokono na kuacha samaki?"

Numbi aliinua macho kutoka kwenye daftari. Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyokuja nayo. Akamuuliza lililobaki: jana alifanya nini mchana?

"Sikufanya kitu. Nilitaka kufua, lakini beseni yangu ilikuwa imejaa ile mayi ya chumvi ya Stany tangu asubui."

Vijana wanane walikuwa langoni pa Tshibola. Waliachia njia kwa kusitasita. Ndani hapakuwa na kiti. Vitu vyote vilikuwa vimefungwa kwenye mashuka. Mukendi, aliyewahi kuwa fundi umeme, alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa. Tshibola alijibu akiwa amesimama.

"Jana nilitia mukono, ni kweli. Yule wa machungwa mukubwa anapenda kuya kugusa kidole. Nilimuaga."

"Uliomba kubeba samaki?"

"Kubabeba wapi, tata? Treni inaweza kukaa njiani juma mbili. Bangekufa mbele ya kufika Kamina." Alikaza fundo la shuka moja. "Banasema konokono na kamba banakufa, samaki bako bazima?"

"Ndiyo."

"Basi ni shaba. Shaba kidogo, konokono hapone, lakini samaki anavumilia. Samaki akigonjwa, Ingénieur alikuwa anamutosha mu akwariamu, anamuweka pembeni mu ndoo, anamutia shaba kidogo kama dawa. Ilikuwa inapimwa ku labo ya mugodi. Ukizidisha, naye anakufa."

"Na maji mapya ya chumvi? Naweza kuchanganya sasa, nitie samaki sasa?"

Tshibola alimtazama kana kwamba ameuliza kama mtoto anaweza kunywa uji unaochemka. "Hapana. Inaomba siku muzima na mapovu, na kuipasha moto. Mbele ya pale iko kama maziwa, inabaunguza. Stany anajua. Nilimufundisha mi mwenyewe. Hata kuchagula samaki nilimufundisha. Alitaka kuongeza wa bulu wa pili, nikakatala. Mu nafasi kadogo, bulu babili, mumoja ataua mwenzake."

Mukendi alizungumza kwa mara ya kwanza. "Inspekta, sisi tulizaliwa hapa Kolwezi bote babili. Tunafukuzwa, tunakubali, tunaenda. Sasa hata kuenda banatukatalia?"

Numbi alifunga daftari. Alirudi kwa Stany, akajaza chupa maji ya akwariamu, akaendesha baiskeli mpaka maabara ya mgodi. Mukuna, mkemia mzee aliyebaki peke yake na Stany baada ya wengine kuondoka, alipima mara mbili. Saa tisa alasiri alitoa jibu.

"Shaba, kweli. Lakini angalia namna ilivyo kidogo. Kwa lita mia mbili, hii sulfate ya shaba ni chini ya chumvi unayotia ku yai moja. Mutu akitia kwa vidole, atatia mara kumi. Huyu alipima."

"Kwa mizani gani?"

Mukuna aligeuka akaitazama mizani ndogo ndani ya kisanduku chake cha kioo. Alisema tu kwamba mjini hajui nyingine inayofanya kazi.

Alhamisi saa nne asubuhi Numbi aliwakusanya sebuleni kwa Stany: mwenye nyumba, mkewe, Tshibola na Mukendi. Akwariamu ilikuwa imezimwa taa na imeanza kunuka.

"Niliuliza maswali matatu," Numbi alisema. "Kwanza: ni adui gani anaua konokono na kuhurumia samaki? Shaba ile ilipimwa ku mizani ya labo, kwa mukono wa mutu anayebapenda. Tshibola hana mizani. Mama Joyeuse angetumia javel, aliniambia mwenyewe."

Joyeuse alisogea mlangoni.

"Pili. Stany, uliniambia mayi ya beseni ulitengeneza Jumatano asubui. Ilikuwa mangavu na ya moto kidogo. Muke wako alishindwa kufua Jumanne juu ya ile mayi. Uliitayarisha siku muzima mbele ya konokono kukufa, na ukanidanganya. Juu ya nini?"

"Nilikuwa nataka kubadilisha mayi tu," Stany alisema. "Nilisahau."

"Haya, ulisahau. Tatu. Mutu aliyeharibiwa vitu anaomba alipwe, ao mukosaji afungwe. We uliniomba kitu kimoja: Mukendi aende, Tshibola abakie."

Stany alimtazama Mukendi, na chuki iliyokuwa usoni mwake haikuhitaji kuelezwa. Mukendi aliinuka. Tshibola akamshika mkono.

"Yeye anakupeleka wapi?" Stany alimwambia Tshibola, kama hapakuwa na mtu mwingine. "Mu wagon, kulala inje, kwa batu hata haubajue. Nilisema mu roho, kama polisi inakushika kidogo tu, treni inaenda naye. Kisha ningefuta plainte yangu ku polisi. Ningekuficha. Hapa hakuna mutu angekugusa."

"Na bale batu bako ku mulango wangu?" Tshibola aliuliza. "Njo ungebaambia nini?"

"Sikuwaza bale."

"Mi sikukupenda hata siku moja, Stany. Nilikuwa nakuya kuona samaki."

Hakulisema kwa ukali. Numbi aliona mabega ya Stany yakishuka, akatoa pingu.

Joyeuse alikuwa amesimama karibu na mlango. Mwaka mzima alikuwa amejiambia kuwa huenda anajitungia mambo, na sasa alikuwa amesikia kila neno, mbele ya watu. Alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akatoka. Wengine walimkuta barabarani, langoni pa Tshibola, akizungumza na wale vijana bila kupaza sauti.

"Ni bwana yangu njo alifanya. Anakubali mwenyewe, Inspekta yuko hapa. Muniangalie muzuri. Mi ni wa hapa, hapana Mukasai, na minabaambia: mutoke ku huu mulango."

Walitazamana. Mmoja akaondoka, kisha wawili, kisha wote.

Ijumaa Joyeuse alijitwika moja ya mafurushi ya Tshibola na kuwasindikiza mpaka stesheni. Behewa lilikuwa limejaa watu na masufuria. Mukendi alipanda kwanza ili avute mizigo. Joyeuse alikabidhi furushi lake, akabaki amesimama.

"Bale samaki bane," alisema. "Bako bado mu beseni. Nibafanye nini?"

Tshibola aliinama kutoka mlangoni pa behewa ili asikike katikati ya kelele.

"Usibapatie chakula leo. Kesho, kidogo. Wa njano ni mwenye haya, ungoje mpaka bengine bashibe."

"Kesho, kidogo," Joyeuse alirudia.

Treni iliondoka saa nane na robo.