Ufito wa Fundi Baiskeli

Sikutaka makuu. Nilitaka baiskeli ya bei nafuu inayonikaa, basi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja, miaka ya ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, marobota ya mitumba yalipanda mlima kutoka Mombo kila wiki, na baiskeli zilianza kuonekana gulioni Lushoto zimepangwa mstari. Mimi Saumu, binti Idrisa, nilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kituo cha kupokea maziwa kilikuwa Soni, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu kutoka kwetu. Maziwa hayakuonei huruma kwamba unatembea. Jua likikukuta njiani yanakatika, karani ananusa ndoo, anatikisa kichwa, unarudi nayo. Mwezi ule nilirudi nayo mara nne. Nikasema liwalo na liwe, nanunua baiskeli, na kuiendesha nitajifunza mbele ya safari.

Mume wangu Mbaraka alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu juu ya baiskeli! Utatuvunjia kabichi zote bondeni."

"Si kabichi zetu? Nikizivunja, jirani ana neno?"

Siku ya gulio nilifika Lushoto mapema, nikaanza kwa kosa la kila mgeni wa jambo. Nilinunua mapambo kabla ya bibi harusi. Kwenye robota la mitumba nilipata kofia ngumu ya kuendeshea, nyepesi kama kibuyu kikavu, na glovu zisizo na vidole, ambazo nilidhani zimeliwa na panya mpaka muuzaji akaniapia kwamba ndivyo zilivyoshonwa. Nikaivaa kofia hukohuko gulioni, watu wakanicheka, nami nikacheka nao.

Baiskeli yenyewe ikanitoa jasho. Mpya zilikuwa na bei ya kukimbiza mtu. Za mtumba zilitengenezwa kwa Wazungu, na Wazungu wale walikuwa na miguu! Nikikalia siti, vidole vyangu vinaning'inia hewani kama vya mtoto aliyekalishwa juu ya gunia. Kufika alasiri nilikuwa nimejaribu kumi na moja. Hapo nikakumbuka maneno ya Paskali.

Paskali alikuwa mchuma chai kutoka Songea, anaishi kambi ya shamba upande wa Bumbuli, naye alileta maziwa Soni kwa baiskeli. Wiki iliyopita aliniambia, "Dada Saumu, nenda kwa fundi Bakari, nyuma ya soko, kule chini kwenye mikaratusi. Bei rahisi, halafu anakupima kabisa. Hii yangu utasema nimezaliwa nayo." Nakumbuka alikuwa amekunja suruali yake mikunjo miwili chini. Nilidhani anaogopa mafuta ya cheni.

Nikashuka kwenye mikaratusi. Jua lilikuwa linazama na ukungu umeanza kuteremka kutoka msitu wa Magamba.

Banda lilikuwa la mabanzi, peke yake. Ndani kulikuwa na taa ya chemli na harufu tatu. Ya kwanza grisi. Ya pili mti uliokatwa sasa hivi. Ya tatu udongo, ule udongo wa chini unaotoka ukishachimba kupita kiuno. Marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa akipima maiti na kusimamia makaburi kijijini kwetu. Harufu ile naijua tangu utoto.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi," akanisalimu kwa Kisambaa. "Karibu."

Alikuwa mzee mfupi kuliko wazee wote niliowahi kuwaona. Kichwa chake kilinifika kifuani, na mimi si mrefu wa kusifiwa. Alipanda kigoda ili kufikia spana zake. Nyuma yake, juu ukutani, ilining'inia baiskeli kubwa nyeusi ya kiume, safi, haina hata chembe ya vumbi.

"Ile kiasi gani?"

"Haiuzwi. Ni yangu."

"Unaiendesha?" Ilinitoka kabla sijafikiri.

Hakukasirika. "Bado hainikai," alisema kwa sauti ya chini. "Nasubiri."

Alinitolea baiskeli ya kike, isiyo na bomba la katikati, ya kijani, yenye keria pana ya kufungia ndoo na taa ya dainamo. Akaniambia nivue viatu, nisimame wima ukutani. Nilidhani atachukua utepe wa fundi cherehani. Akachukua ufito mbichi, akapanda kigoda chake, akausimamisha mgongoni mwangu kutoka kisiginoni mpaka utosini. Akaukata kwa kisu pale kichwa kilipoishia.

Krr... krr...

"Fundi, mbona mpaka utosini? Baiskeli si inapandwa kwa miguu?"

"Na usukani unaushika kwa meno? Mgongo una kazi yake, mwanangu."

Nikaona kweli. Alikuwa fundi hasa, hilo sitamnyima. Alishusha siti, akapandisha usukani, akanikalisha. "Ukikaa, ncha za vidole ziguse chini. Pedali ikiwa chini kabisa, goti lipinde kidogo, lisinyooke. Ukiona hivyo ujue imekukaa." Ilinikaa. Wallahi ilinikaa mpaka nikacheka peke yangu. Na bei aliyotaja haikufika nusu ya zile za gulioni.

Wakati nahesabu fedha nilimwona anachomoa uzi kwenye pindo la kanga yangu, anaufunga kwenye ule ufito, anauchomeka darini.

Moyo uliniambia kitu. Baba alikuwa na sheria yake. Alikata ufito kwa urefu wa marehemu, wachimbaji wakachimba kwa ufito ule, na wakimaliza aliuvunja katikati na kuufukia humohumo. Alikuwa akisema, "Ufito uliompima mtu haulali nyumbani kwa watu, wala hauachwi mikononi mwa mtu." Nikajijibu kwamba hayo ni mambo ya maiti. Mimi nilikuwa hai, nina baiskeli, na giza linaingia. Nikaondoka na kuuacha ufito wangu kwa mtu nisiyemjua.

Wiki tatu nilianguka kila mahali pa kuangukia. Nilivunja kabichi, na nyingine zilikuwa za jirani, naye neno alikuwa nalo. Lakini nilijifunza. Asubuhi nilishuka Soni ndoo ikiwa nyuma, upepo usoni, kofia ya Kizungu kichwani, na karani akanusa maziwa akaandika bila kusema kitu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Alhamisi moja, baada ya magharibi, nilikuwa nimekaa jikoni na nyayo zikaanza kuniwasha. Halafu nikasikia.

Krr... krr...

Nikadhani panya. Asubuhi nilipopanda baiskeli, siti ilikuwa juu kidogo. Nikaishusha.

Alhamisi iliyofuata, tena. Muwasho. Krr... krr... Asubuhi nikashusha siti. Nikailaumu bolti, nikaikaza mpaka spana ikaniumiza kiganja. Wiki iliyofuata ikapanda. Kumbe bolti ya watu haikuwa na hatia.

Siku hiyo Mbaraka alirudi kutoka bondeni, akanipita mlangoni, akasimama. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Saumu. Zamani kichwa chako kilinifika kidevuni."

"Na sasa?"

Aliweka kiganja juu ya kichwa changu, akakivuta taratibu mpaka kifuani kwake. Kikagota mfukoni mwa shati, pale anapoweka tumbaku.

Tangu hapo sikutulia. Nilikuwa naamka, nasimama kwenye nguzo ya mlango, naweka alama ya mkaa, nalala, naamka tena. Kanga zikaanza kuburura. Nikaenda Soni kumtafuta Paskali, maana niliikumbuka suruali yake, na mara ya mwisho kumwona mikunjo ilikuwa imefika minne. Karani akaniambia hajaleta maziwa wiki mbili. Kambini wamesema amerudi kwao Songea.

"Alimuaga nani?" nikauliza.

Karani akafungua mikono. Baiskeli ya Paskali, alisema, imeegemezwa ukutani kambini hadi leo.

Sikurudi nyumbani. Niligeuza baiskeli, nikapanda Lushoto, pengine nasukuma, pengine naendesha, machozi na jasho havitambulikani. Ilikuwa Alhamisi. Nilijua lazima nifike kabla ya magharibi, kabla kisu kile cha krr hakijashikwa tena. Kama ufito wangu ungebaki darini kwa mtu yule, ningekwisha. Ukungu ulikuwa mzito kwenye mikaratusi kiasi kwamba nililifikia banda kwa kunusa.

Mti uliokatwa. Grisi. Udongo.

Mlango ukafunguka kabla sijagonga, na mtu akainama ili atoke.

Akainama!

Kichwa kilikuwa kilekile cha mzee Bakari, na mvi zilezile. Lakini nilimtazama kutoka chini, kama ninavyotazama dari. Mikono ya koti lake iliishia kwenye viwiko.

"Umekuja nishushe siti?" alinong'ona.

"Nimefuata ufito wangu."

"Upo darini. Chukua."

Nikaingia. Darini kulikuwa na fito makumi na makumi, kila mmoja na uzi wake. Chini, kwenye sakafu ya udongo, vumbi la mti lilifika kwenye vifundo vya miguu yangu. Nilipanda kigoda chake, maana sasa mimi ndiye niliyekihitaji, nikapekua mpaka nikaona uzi wa kanga yangu. Nikausimamisha ufito mgongoni. Ulikuwa sawa na mimi. Sawasawa kabisa, na mwisho wake wa chini ulikuwa mweupe, mbichi, umechongwa karibuni.

Pembeni yake kulikuwa na mwingine wenye uzi wa bluu wa ovaroli za shamba la chai. Huo ulikuwa na urefu wa mwiko.

"Paskali yuko wapi?"

"Kijana mwema," alisema. "Hakurudi kuuliza."

"Tumekukosea nini, mzee wangu?"

Alinitazama bila chuki, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. "Hakuna. Nimezaliwa nilivyozaliwa. Miaka arobaini nawatengenezea watu baiskeli, mwanangu. Sijawahi kupanda hata moja." Akaishusha ukutani ile nyeusi kwa mkono mmoja, akaitoa nje, akaikalia. Ncha za vidole zikagusa chini. Akakanyaga pedali mpaka mwisho, goti likapinda kidogo, halikunyooka.

"Leo imenikaa," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Kengele ikalia mara moja. Mlima ule hata vijana hushuka wakasukuma. Yeye aliupanda amekaa, bila kuhema, na taa yake ikaenda ikipungua ndani ya ukungu... ikapungua... nikabaki peke yangu na ufito mkononi.

Ndipo nikaelewa kwamba bado sijapona. Kuuacha, siwezi. Nikiuvunja, ndivyo baba alivyofanya mtu akishalazwa kaburini, na mimi sijalazwa. Nikiuingiza nyumbani, nitakuwa nimekiita kifo kikalale na mume wangu. Nilitembea nao usiku ule mpaka kwetu, baiskeli naisukuma, nikausimamisha zizini kwa ng'ombe, juu ya jiwe. Fito za wengine sikuzigusa. Mnisamehe. Niliogopa kuteleza na kuvunja wa mtu. Niliporudi keshoye na Mbaraka, banda lilikuwa tupu, na hakuna mtu sokoni aliyekubali kwamba alimfahamu fundi Bakari.

Huu ni mwaka wa tatu. Alhamisi zimekuwa kimya. Urefu wangu umesimama palepale, watu wamezoea kunitania, nami nimezoea kupunguza kanga. Baiskeli naiendesha. Ufito naupaka oili chafu kila Ijumaa, naufuta, naupima, narudi ndani. Mbaraka anasema nauhudumia kuliko ninavyomhudumia yeye. Ni kweli.

Jana jioni nilikuwa nakamua. Nyayo zikaanza kuniwasha.

Krr... krr...

Nikamwaga maziwa. Nikazunguka zizi lote na chemli. Hapakuwa na mtu. Ng'ombe ameacha kutafuna, anatazama pembeni, kule kwenye jiwe. Nikakaribia, nikapiga magoti, nikaweka sikio. Sauti ilikuwa inatoka ndani ya ufito. Kwenye mguu wake kulikuwa na vitundu vidogo vidogo, na juu ya jiwe unga mweupe, laini.

Wadudu wa mbao. Wameanzia chini.

Nimeuloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Leo asubuhi nimetoa baiskeli, nikafunga ndoo, nikavaa kofia, nikaikalia siti, ambayo imeshushwa mpaka mwisho na haina tena pa kushukia.

Nikanyoosha vidole. Havikugusa chini.