Waya wa Tatu

Duka la vifaa vya umeme siku ya Jumamosi huwa vurugu tupu. Watu wamejazana kaunta wakinyoosha mikono, huyu anataka balbu, yule anarudisha feni iliyogoma, na muuzaji anawajibu wanne kwa pamoja bila kumtazama hata mmoja. Katikati ya msukumano huo alisimama mwanamume wa miaka sitini na moja. Alivaa koti la ngozi nyeusi lililochubuka viwikoni, pete tatu mkono wa kulia, na ndevu zake nyeupe zilikuwa zimechongwa vizuri. Mkononi alishika waya mnene uliokatwa plagi.

"Nipe plagi ya miguu miwili," alimwambia muuzaji.

Mwanamke aliyekuwa ubavuni pake akageuka. Alikuwa ndani ya ovaroli ya buluu, kitambaa chekundu kichwani, na hereni za fedha ambazo hazikuwa na undugu wowote na ile ovaroli.

"Samahani, kaka. Waya wako una nyuzi tatu. Huo wa tatu utaupeleka wapi?"

"Nitaufunga utepe nikaulaze. Hauna kazi."

"Hauna kazi mpaka siku ya kazi."

Mwanamume alimtazama kuanzia kitambaa hadi viatu, akaanza kutabasamu. "Na wewe ni nani, daktari wa nyaya?"

"Ni mtu ninayelipwa ili wanaume wenye pete nyingi wasife." Akamgeukia muuzaji. "Mpe ya miguu mitatu huyu. Akikataa, usimuuzie."

Alinunua ya miguu mitatu. Aliinunua kwa sababu ya zile hereni, tusidanganyane.

Jumatatu asubuhi wakakutana tena, safari hii katika ukumbi wa maonyesho. Meneja alikuwa akimtembeza mgeni wake jukwaani kwa majivuno, na fundi umeme wa ukumbi akashuka ngazi kutoka juu kwenye taa, testa ya kupimia umeme mfukoni, kitambaa kile kile kichwani.

"Huyu ndiye Kishindo," meneja alisema, kana kwamba kuna mtu asiyejua. Miaka thelathini na tano mtu yule alikuwa amepiga roki kwenye viwanja vya mpira, na kina mama waliokuwa wasichana wakati huo bado walikuwa na picha zake. "Na huyu tunamwita Fundi. Mkitaka mwanga, mkitaka giza, ni yeye."

"Tunafahamiana," Kishindo alisema. "Ameshaninyima plagi."

Ziara hii ilikuwa ya kuaga, na alitaka iwe tofauti na zote. Hakutaka viwanja wala moshi wala watu wakirukaruka. Alitaka jukwaa la tamthilia, kiti kimoja, gitaa moja na ile amplifaya yake kuukuu, asimulie maisha yake kati ya wimbo na wimbo huku watu wameketi kimya. Onyesho la kwanza lingekuwa hapo baada ya wiki tatu, saa kumi jioni, kisha angezunguka miji mingine minane.

Wiki ya kwanza walipendana kwa haraka ambayo watu wazima huionea aibu. Fundi alikuwa na miaka arobaini na saba, ameachika zamani, na alikuwa amejizoeza kula chakula cha mchana peke yake kwenye ngazi za nyuma. Sasa walikula wawili. Kishindo alimsimulia habari za bendi, na zaidi ya yote habari za Twiga, mpiga besi wao, mrefu kama mlingoti, rafiki yake tangu shule.

"Alikufa jukwaani miaka ishirini na miwili iliyopita," alisema. "Moyo. Tangu siku ile mjane wake ni dada yangu. Watoto wao pacha niliwafundisha baiskeli mimi. Sikuoa, sina mtoto. Nyumba ile ndiyo kwangu. Mama Pacha atakaa mstari wa mbele siku hiyo, utamwona."

Simu zilianza alfajiri.

"Umeamka, Fundi wangu?"

"Nimeamshwa. Kuna babu mmoja ananipigia kabla ya jogoo."

"Babu? Jana hukuniita babu."

"Jana kulikuwa na giza, sikuona ndevu."

Akacheka hadi akakohoa, naye Fundi akabaki na simu kifuani, akishangaa kwamba moyo wake bado unajua kazi hiyo.

Siku ya tisa walikuwa jukwaani, Fundi akifunga taa, Kishindo akijaribu wimbo. Ghafla aliacha kuimba, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Maikrofoni yako ina wivu," alisema akicheka. "Inaniuma midomo. Tangu jana inanibusu kuliko wewe."

Fundi hakucheka. Alishuka ngazi polepole, akamwomba aweke gitaa chini, asiguse kitu kingine. Kisha akaenda nyuma ya amplifaya, akaichomoa, akafungua ile plagi ya miguu mitatu. Nyuzi mbili zilikuwa mahali pake. Ule wa tatu, wa kijani na njano, ulikuwa umekatwa na kufungwa utepe mweusi kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.

"Umekata waya wa ardhi," alisema.

"Unaleta mvumo. Uwanjani hausikiki, lakini hapa watu wanasikia hata mtu akimeza mate. Sisi wote wa roki tunaukata, Fundi. Miaka yote. Unakata, mvumo unakufa, unapiga."

"Hii amplifaya inavuja. Umeme ukitoroka, njia yake ya kushuka ardhini ndiyo hii uliyoikata. Ukiikosa, utapanda kwenye gitaa. Halafu wewe umeshika gitaa, unasogeza mdomo kwenye maikrofoni, ambayo yenyewe ina waya wake wa ardhi. Unajua hapo ardhi inapitia wapi?"

Kishindo aliitazama maikrofoni. Fundi aliunga ule waya palepale. Amplifaya ilipowashwa, mvumo mwembamba ukajaa ukumbini kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

"Utauzoea," alimwambia. "Nimeagiza kifaa cha kuuondoa, kitafika baada ya mwezi. Mpaka hapo, mvumo ukisikika ujue uko salama. Usinizungushe katika hili, mpenzi."

"Sikuzungushi," alisema Kishindo, akambusu kwenye paji la uso.

Kesho yake alifanya zoezi la onyesho zima. Fundi alisimama kwenye ubao wa swichi, pembeni mwa pazia, akamsikiliza akisimulia kifo cha Twiga mbele ya viti vitupu. Kishindo alieleza kwamba siku hiyo gitaa la Twiga lilichomekwa kwenye amplifaya hii hii. Alieleza jinsi Twiga alivyoinama kuimba kiitikio, akagusa maikrofoni kwa midomo, akashika gitaa kwa nguvu kana kwamba kuna mtu anamnyang'anya, akaanguka. Madaktari walisema moyo ulisimama.

Fundi aliutazama mkono wa Kishindo kwenye gitaa. Mtu wa moyo huachia alichoshika. Anayekaza vidole asiweze kuachia ni aliyenaswa. Alirudi nyumbani bila kuaga, na simu ilipoita hakumwacha aanze utani.

"Nikuulize kitu kimoja. Siku ile, waya wa amplifaya ulikuwa umekatwa na nani?"

Kishindo alisema mtandao haushiki. Fundi akarudia.

"Nani alikata?"

"Nani amekutuma?" Sauti ya Kishindo ilikuwa ya mtu mwingine. "Mama Pacha? Meneja? Unanipeleleza?"

"Nakuuliza mimi. Ninayekupenda."

Simu ikakatika.

Siku kumi na moja hawakusemeshana zaidi ya habari za taa. Alimwita "Fundi" bila "wangu", naye akamwita "mzee" kwa adabu inayochoma. Meneja aliwatazama akatikisa kichwa, akadhani ni ugomvi wa kawaida wa wapendanao. Kila asubuhi kabla ya mazoezi Fundi aliifungua plagi, akauona waya wa tatu uko mahali pake, akaifunga. Kila siku mvumo ulisikika. Usiku hakulala vizuri. Alimpenda na alimwogopa, na zaidi ya yote aliogopa kuzoea kutokuwa naye.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Mama Pacha alikuja na gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, kilemba cha rangi hiyo hiyo, mwanamke mnene mwenye uso mpole. Alipita nyuma ya jukwaa kabla ya kuanza.

"Shemeji yangu, mbona umekonda?" alimwambia Kishindo, akimrekebishia kola. "Leo ukimtaja baba pacha, mtaje vizuri. Usinilize sana."

"Nitajitahidi, shemeji," alisema Kishindo, akakwepa macho yake.

Sehemu ya kwanza ilikwenda salama. Mvumo ulikuwepo, mwembamba, na Fundi aliushikilia kwa masikio kama mama anayesikiliza mtoto akipumua. Watu walicheka, wakapiga makofi, pazia likafungwa kwa mapumziko ya dakika ishirini. Fundi aliitwa juu kubadilisha taa iliyoungua. Aliporudi kwenye ubao wake, pazia lilikuwa linafunguka.

Ukumbi ulikuwa kimya kabisa.

Alitega sikio. Taa nyekundu ya amplifaya ilikuwa inawaka, gitaa liko mabegani mwa Kishindo, na hakuna mvumo. Kishindo alikuwa ameanza kusimulia habari za Twiga. Alikuwa bado hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni, sauti yake ikisikika yenyewe. Alisema, "Basi rafiki yangu akainama kuimba," akazipiga hatua zile mbili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umezishika nyuzi za gitaa.

Fundi aliivuta swichi kuu chini kwa mikono miwili.

Giza likaanguka, kisha taa ndogo za dharura zikajiwasha milangoni. Watu waliguna. Kishindo alibaki amesimama, mdomo ukiwa shibri moja kutoka kwenye chuma, akageuza kichwa kutazama pembeni.

"Washa," alisema.

"Siwashi." Fundi hakupaza sauti, lakini katika ukumbi ule kila kitu husikika. "Umekata tena. Kwa nini unakata tena, nawe unajua?"

Kishindo alivua gitaa taratibu, akaliweka kitini. Bila gitaa na ile sauti kubwa alionekana mfupi.

"Kwa sababu kila nikiukata nikashuka mzima," alisema, "najiambia kumbe haukuua mtu. Nimepiga maonyesho mia nne hivyo. Mia nne nimeshuka mzima. Nilitaka leo nishuke mzima mbele yake."

"Nani aliukata siku ile?"

Kishindo aliutazama mstari wa mbele. Akapiga magoti ukingoni mwa jukwaa ili asimtazame Mama Pacha kutoka juu.

"Mimi, shemeji. Dakika kumi kabla hajapanda. Mvumo ulikuwa unanikera. Sikumwambia. Baadaye niliwaambia polisi waya ulikuwa mzima, kwa sababu niliuunga kabla hawajafika. Moyo wa Twiga haukuwa na ugonjwa."

Mama Pacha alisimama. Hakuwa akilia.

"Asubuhi ile alikuwa na mafua. Nilimpa vidonge, vilikuwa vya mama yangu, sikujua hata ni vya nini. Viwili. Wakaniambia moyo umesimama." Akarekebisha kilemba. "Miaka ishirini na miwili ninajua nimemuua mume wangu. Pacha hawajui. Umekula mezani kwangu, umeniona ninavyoshindwa kumeza siku ya kumbukumbu yake, ukanipa maji ninywe."

"Sikujua habari ya vidonge, shemeji."

"Hukuuliza. Na usiniite hivyo."

Alichukua mkoba wake akapita katikati ya viti, na watu wakamvutia magoti apite. Mlango ulijifunga nyuma yake polepole. Baada yake wakaanza kuondoka wengine, mmoja mmoja, wakinong'ona, mpaka viti vikabaki vitupu na meneja ameshika kichwa.

Fundi alipanda jukwaani, akaketi karibu naye. Hakumshika mkono mara moja. Alikuwa na hasira, na mapenzi yake hayakuwa yamepungua hata kidogo, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Nilijua nikisema nitabaki bila mtu," alisema Kishindo.

"Umesema mbele ya watazamaji. Bado kuna karatasi ya polisi yenye uongo wako."

"Wanaweza kunifunga."

"Wanaweza."

Asubuhi waliingia kituoni pamoja, Kishindo na shati jeupe lililopigwa pasi, Fundi na gauni la kijivu na zile hereni. Wakasaini kitabu cha wageni. Afisa, kijana mwenye miwani, alisikiliza sentensi tatu, akaweka kalamu chini, akasimama kufunga mlango. Alirudi na fomu ndefu, akamtazama Fundi.

"Wewe mama, huwezi kukaa humu kama si ndugu. Ni nani wake?"

Kishindo aliinamisha uso. "Mwache aende, afande. Si mtu wangu. Nilimdanganya na yeye."

"Andika mchumba," alisema Fundi.

Kishindo alimgeukia. "Tangu lini? Sijakuuliza."

"Ungeniuliza lini, nawe ulikuwa na kazi ya kutafuta kifo?" Akavuta kiti karibu na chake, akauchukua ule mkono wenye pete tatu na kuuweka mapajani pake. "Hata wakikuweka ndani miaka, nitakuja siku za kuona watu. Sasa anza mwanzo, na usiruke kitu."

Afisa aliandika "mchumba" mahali palipoachwa wazi, akauliza tarehe aliyokufa Twiga.